Ukosefu wa ajira Hispania asilimia 11, sisi 2 na kitu: wadau tuelezane, nani hana kazi hapa?

Mpanda Mlima wa Pasua

Wakuu habari za jioni. Nipo Moshi, nimeshuka mlima Kilimanjaro juzi, magoti bado yanalia kwahiyo nina siku mbili za kukaa na simu tu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite kushoto.

Tulikuwa kambi ya Barranco, wageni wanne, wawili kati yao mtu na mkewe wametoka Hispania. Usiku baada ya supu yule mzee akaanza kusimulia mambo ya kwao, kwamba 2013 ukiwapanga watu wanne wanaofanya kazi au wanaotafuta, mmoja wao hana, ilifika asilimia 26, na vijana ndo usiseme, zaidi ya nusu. Sa hivi afadhali anasema, 2024 ilikuwa kama 11. Mpishi wetu alikuwa anatoa vyombo, akaniuliza pembeni "na sisi ngapi?" Nikatoka nje, pale Barranco ukisimama sehemu fulani mtandao unakamata, nikarudi na jibu. Kwa makadirio ya ILO, shirika la kazi duniani, Tanzania ni asilimia 2 na kitu. Haifiki hata 3.

Nikaenda kuwasomea wagumu, yaani wapagazi wetu, kwenye hema lao. Jamani walicheka! Mmoja ikabidi aweke kikombe chini. Akasema "kwahiyo huyu babu tumfanyie mpango wa kazi Bongo?"

Mi nilisoma uchumi, nimemaliza 2016, nimezungusha bahasha mpaka nikajua majina ya walinzi wa ofisi zote za mji, sa hivi ni muongoza wageni msaidizi. Sasa lile swali la mpishi limenikaa kichwani siku zote za kushuka na nikagundua kwamba hata mimi pamoja na cheti changu nilikuwa nalichukulia kirahisi rahisi.

Tuanze na namna wanavyohesabu. Anakuja mtu wa takwimu anakuuliza siku saba zilizopita umefanya kazi ya kukuingizia kipato hata kwa saa moja? Ukisema ndio, basi unayo kazi, kwaheri. Saa moja wakuu. Ukisema hapana anauliza tena, wiki nne hizi umetafuta kazi? Na ukiipata leo uko tayari kuanza? Ukisema hapana hapo, basi hata kwenye wasio na kazi haumo, umetolewa nje ya hesabu nzima. Anayebaki anaitwa hana ajira ni yule ambaye hakugusa shilingi wiki nzima NA anatafuta NA yuko tayari.

Sasa nendeni geti la Machame asubuhi. Sisi tunafika saa mbili na gari ya kampuni, wale vijana wapo pale toka alfajiri, begi mgongoni, hawana kampuni, wanasubiri mzigo uzidi. Mizani ikisoma zaidi ya kilo 20 kwa kichwa kimoja lazima aongezwe mgumu, hapo ndo anaitwa mtu. Kuna dogo namjua kwa sura, safari iliyopita alikaa getini siku tano hajaitwa. Ya sita akarudi kwao akamsaidia mama yake kuchuma kahawa, kahawa ya kuuza. Ukimhoji wiki hiyo huyo ana ajira, tena yuko kundi moja na meneja wa benki pale mjini. Hivi ndo Niger, nchi ambayo nusu yake na zaidi ni jangwa, inasoma chini ya 1 wakati Ufaransa inacheza kwenye 7.

Hoja yangu ni hii, mnipinge mnavyotaka: hicho kiwango kinapima nani ana uwezo wa KUKAA akasubiri kazi inayomfaa, umasikini ni hesabu nyingine kabisa. Dogo wa Machame hana uwezo huo. Kuna mtu lazima akubebe wakati unasubiri, iwe serikali, iwe baba, iwe akiba. Kwetu asiye na wa kumbeba anauza karanga jioni hiyo hiyo na takwimu inampigia tiki.

---

Chalii wa Ngarenaro

Oya mwanangu umeandika vizuri ila acha kutuzuga. Kama ni hivyo Afrika Kusini je? Wale sio wazungu, shida wanazijua, mbona wako 32, 33 huko? Mbona na wao wasiuze karanga?

---

Mpanda Mlima wa Pasua

Chalii umepiga palepale panapouma, hilo swali ndo lilikuwa linanisumbua nashuka njia ya Mweka. Kama kuna mdau amekaa kule atusaidie mi nina ya kwenye vitabu tu.

---

Mzee wa Kiboriloni

Nimekaa Joburg miaka minne nikiuza simu na vifaa vyake, nimerudi nauza mitumba Kiboriloni, kwahiyo hili nalijua kwa miguu.

Kitu cha kwanza ni umbali. Wale walipangiwa pa kuishi kwa sheria, ile ya makundi ya maeneo ya 1950, mweusi huko mbali, kazi huku mjini. Sheria imekufa nyumba zimebaki palepale. Mtu anaamka saa kumi usiku apande teksi mbili, na teksi kwao ndo vipanya kama hivi vyetu, nauli inakula kipande kikubwa cha mshahara, sasa kazi ya mshahara mdogo unakuta ukipiga hesabu bora ulale. Sisi hapa mtu anatoka Majengo kwa mguu anafika Mbuyuni sokoni anatandika turubai.

Cha pili, ule umachinga tunaouona ni wa kawaida wenzetu walikatazwa kwa miaka mingi. Mweusi alikuwa haruhusiwi kufungua biashara katikati ya mji, hata huko mitaani kwao leseni ilikuwa shughuli. Kuuza karanga unajifunza kwa mama yako na yeye kwa mama yake, ukikata hiyo kamba vizazi viwili watoto hawana pa kuanzia. Halafu akitaka kufungua kiduka leo anakutana na masupamaketi makubwa yameshajaa mpaka vitongojini. Ndo maana maduka mengi ya uswahilini kwao unakuta ni Msomali, Muethiopia, Mbangladeshi, na fujo za kuwapiga watu wa nje zinaanzia hapohapo, mi mwenyewe 2008 nilifunga wiki mbili sikutoka ndani.

Cha tatu ni hicho anachosema mtoa mada cha kubebwa. Bibi ana pensheni ya serikali, zaidi ya randi 2000 kwa mwezi, nyumba nzima inakula hapo. Toka corona kuna na randi 350 za asiye na kipato, baadae wakaongeza ikawa 370. Sio hela ya maana ila inatosha usife njaa. Kwahiyo hapo kijana anaweza kukaa. Msidhani anafurahi kukaa, nimewaona, mtu ana miaka 30 hajawahi kuajiriwa hata siku moja anashinda amekaa kwenye kreti la bia nje ya geti.

---

Chalii wa Ngarenaro

Mzee nimekuelewa. Nafuta kauli, nusu.

---

Dada Kilombero

Samahani naingilia. Mi nauza parachichi Kilombero Arusha, nina diploma, nilikuwa mapokezi kwenye hoteli moja nikaacha nilipojifungua. Miaka miwili nilikaa nyumbani sikutafuta chochote kwasababu hela ya dada wa kazi ilikuwa inazidi mshahara niliokuwa napewa. Naomba mtoa mada uniambie miaka ile miwili nilikuwa wapi kwenye hizo asilimia zako?

---

Mpanda Mlima wa Pasua

Dada angu ulikuwa haupo. Sio juu sio chini. Wanachukua wasio na ajira wanagawanya kwa nguvu kazi, na nguvu kazi ni wenye kazi jumlisha wanaotafuta. Ambaye hatafuti hayupo.

---

Dada Kilombero

Ndo nilichotaka kusikia. Kwahiyo nchi ikiwakatisha tamaa wanawake wote wakarudi jikoni, siku ya pili ukosefu wa ajira umeshuka na waziri anapigiwa makofi. Nyie wanaume mnabishana Hispania na Afrika Kusini, mwenzenu sikuwepo hata kwenye kugawanya.

---

mtu wa takwimu

Huyo dada kaweka kidole kwenye kidonda. Marekani kwa hilo wana vipimo sita, kile tunachosikia kwenye taarifa ni cha tatu tu. Kuna cha sita kinaongeza waliokata tamaa na wale wanaofanya vipande vya saa wakati wanataka siku nzima, mara nyingi kinakaribia mara mbili ya kile cha taarifa. Afrika Kusini nao wana kipimo kipana kinapita 40.

Na Tanzania tusiilaumu sana, NBS, ofisi yetu ya taifa ya takwimu, kwenye utafiti wa nguvu kazi wa 2020/21 wao walitoa kama asilimia 9, sio 2. Sababu tafsiri yetu ya kitaifa inawaingiza hata wasiotafuta ila wako tayari, pamoja na wale wa kazi za kudokoa dokoa zisizo na uhakika. Nchi moja, watu walewale, 2 au 9, inategemea nani kashika rula.

Kiboko ya wote ni Nigeria. Mwisho wa 2020 walitangaza 33.3. Mwanzo wa 2023 wakatangaza 4.1. Hakuna kiwanda kilichoshuka kutoka mbinguni Lagos, zamani ukifanya kazi chini ya saa 20 kwa wiki walikuhesabu huna, wakahamia ile ya saa moja ya kimataifa, basi. Na usidhani ni Afrika tu, Ujerumani ofisi ya kazi inasoma kama 6 wakati takwimu za Umoja wa Ulaya kwa nchi hiyohiyo zinasoma 3 na nusu hivi, maana ofisi ya kazi mtu anayepiga kazi chini ya saa 15 kwa wiki bado wanamwandika anatafuta.

Kingine kidogo kwa mtoa mada, yule dogo wa kahawa uko sahihi kwasababu kahawa inauzwa. Ingekuwa mahindi ya kula nyumbani tu, kwa kanuni mpya za kimataifa za 2013 hiyo haihesabiki tena kama ajira. Nchi zinazotumia kanuni mpya namba zao zinatofautiana na zinazotumia za zamani, halafu watu wanazipanga kwenye jedwali moja kama ligi ya mpira.

---

Bosi wa Njiro

Mnazunguka sana. Mi nina kampuni ndogo ya magari ya safari hapa Arusha, naongea kama mwajiri. Tofauti kubwa ni sheria ya kumuondoa mtu. Ukiwa huwezi kumtoa hutamuingiza. Huyo mhispania hajawaambia kwamba kwao mwenye mkataba wa kudumu ukimuachisha bila sababu mahakama inakubali ulikuwa unamlipa mshahara wa siku 45 kwa kila mwaka aliofanya, 2012 ndo wakashusha 33. Matokeo yake mabosi wakawa wanatoa mikataba ya muda mfupi tu, kabla ya 2008 karibu theluthi ya wafanyakazi walikuwa hivyo. Ujenzi ulipoanguka ile 2008, hao wa mikataba mifupi wakapukutika kama maembe ya upepo. Kutoka 8 mwaka 2007 mpaka 26. Sheria ndo imewafikisha pale.

---

Mpanda Mlima wa Pasua

Bosi nakubali ya Hispania, kule kulikuwa na wafanyakazi wa aina mbili, mmoja amejengewa ukuta mwingine yuko mvuani. Ila usitumie hiyo kutuuzia kwamba sheria zote zifutwe, nakuona unapoelekea hahaha. Denmark kumuachisha mtu ni rahisi kweli, sawa na unavyotaka, lakini anayeachishwa akiwa mwanachama wa mfuko analipwa mpaka miaka miwili, mpaka asilimia 90 ya alichokuwa anapata kama mshahara wake ulikuwa mdogo, na anapelekwa kusoma ufundi mwingine. Kiwango chao wala hakitishi, kiko 5, 6 huko. Kwahiyo sio kweli kwamba ukimlipa mtu anayekaa atakaa milele, inategemea unamfuatilia vipi. Hapa kwetu NSSF wana fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara miezi sita, lakini lazima uwe ulikuwa unachangia, wagumu wangapi wanachangia?

Na kusubiri kwenyewe sio uvivu wakuu. Kuna watu watatu walipewa Nobeli ya uchumi 2010 kwa hilo, Diamond, Mortensen na Pissarides. Ukiondoa hesabu zao inabaki kitu ambacho dalali yeyote wa Sakina anakijua: vyumba vipo vitupu na wapangaji wapo wanazunguka, wakati uleule, mji uleule. Kumkutanisha mtu na chumba chake kunachukua muda, nauli na hela ya dalali. Kazi nayo hivyohivyo. Nchi yenye madalali wazuri wa kazi, namaanisha ofisi za ajira zinazofanya kazi kweli, vyuo vya ufundi vilivyoshikana na viwanda, muda wa kuzunguka unakuwa mfupi. Wajerumani wana ule mfumo kijana siku kadhaa za wiki yuko darasani zingine yuko kiwandani analipwa, miaka mitatu, akimaliza anajulikana. Sisi dogo anakaa gereji Unga Limited miaka mitano anabomoa injini mwenyewe mpaka anaiunganisha, akitoka hana hata karatasi ya kuonyesha, anaanza upya kwa bosi mwingine kwa kushika spana.

---

Dereva wa Usa

Bosi wa Njiro mi nimewahi kuwa dereva wa kampuni kama yako, sio ya kwako usijishuku. Machi 2020 wageni walikata ghafla, kampuni ikatuita sote tukaambiwa rudini nyumbani tutawapigia. Ndo ilikuwa barua yenyewe. Nchi nzima watalii walitoka milioni 1.5 mwaka 2019 wakaja laki 6 na ushee 2020. Mi nilichukua toyo, yaani pikipiki, ya shemeji nikawa deiwaka, siku akichoka yeye naendesha mimi, Usa River hadi Tengeru, kuna siku narudi na elfu tatu. Sasa kwa hiyo saa moja yenu mi sikuwahi kupoteza kazi hata wiki moja! Kutoka Land Cruiser mpaka toyo ya kuazima, asilimia haikutikisika.

---

mtu wa takwimu

Dereva pole sana mkuu, na umetupa mfano mzuri kuliko wa kitabu. Corona ilikuwa moja ila angalia. Marekani Februari 2020 walikuwa 3.5, Aprili karibu 15, ndani ya miezi miwili, maana kule kampuni inakuachisha halafu serikali inakulipa ukiwa nyumbani, kipindi kile wakaongeza na dola 600 kwa wiki. Ujerumani wana kitu wanaita Kurzarbeit, kampuni haikuachishi, inakupunguzia saa na serikali inafidia asilimia 60 ya ulichopoteza, 67 kama una mtoto. Aprili ile watu kama milioni 6 walikuwa humo na wote wanahesabika wana kazi, kiwango kikapanda kiduchu tu. We ukapanda toyo. Watu watatu, wote kazi imesimama siku moja, mmoja anaandikwa hana, mwingine anaandikwa anayo, wewe unaandikwa umejiajiri.

---

Dereva wa Usa

Nimejiajiri 😂 kwa toyo ya shemeji

---

Bosi wa Njiro

Dereva hiyo imenigusa, mi mwenyewe nilituma meseji kama hizo mwaka ule, sikuwa na namna, magari matano yalikuwa yamepaki na marejesho ya benki yanaendelea. Kama kungekuwa na huo mpango wa kijerumani ningewashika watu wangu. Wageni waliporudi madereva wawili wazuri nilishawapoteza, mmoja ana malori sa hivi wala hapokei simu yangu.

Ila kuna kitu sijaona mmegusa, msimu. Aprili na Mei mvua zikishika hoteli za huku zinafunga hata nusu. Hao wahispania toka mageuzi yao ya mwisho wa 2021 wanautumia sana mkataba wa kudumu wa msimu, mpishi wa hoteli ya ufukweni anabaki wa hoteli mwaka mzima, wageni wakiisha anakaa nyumbani na fidia, msimu ukirudi lazima aitwe kwanza yeye. Wapinzani wao wanalalamika kwamba hao waliokaa nyumbani hawaandikwi kwenye daftari la wasio na kazi. Lakini kwa sisi wa utalii ningeuchukua leo.

---

Dada Kilombero

Bosi ungeuchukua leo ila mapokezi wa hoteli akirudi kutoka kujifungua mngemwita kwanza? Nauliza tu, parachichi zinaniiva.

---

Bosi wa Njiro

Dada nimekimbia 🏃🏾

---

Mgumu Machame

Shkamooni wakubwa. Nimesoma mwanzo mwisho. Mi naona kama yule dogo wa getini ni mimi, au ni mwenzangu, tuko wengi. Naomba kuuliza jambo moja, huyo anayekuja kuuliza siku saba, anakuja lini? Maana akinikuta Agosti nina kazi, siku nane juu siku mbili chini narudi tena juu. Akija Mei nimelala, viatu vimetundikwa. Na Mei sitafuti kazi maana hakuna pa kutafuta, nani anapanda na mvua ile. Kwahiyo Mei mi ni kama yule dada, sipo?

---

mtu wa takwimu

Dogo marahaba. Ule utafiti wa mwaka mzima wanautawanya, wanahoji kidogo kidogo msimu kwa msimu, kwahiyo wanaweza kukukuta popote. Ila Mei kwa kanuni kali ya ILO, kama hutafuti, haupo. Kwa ile ya NBS utakuwepo maana ukiulizwa uko tayari utasema ndio.

---

Mgumu Machame

Niko tayari hata sa hivi.

---

Mpanda Mlima wa Pasua

Wakuu nilitaka kuendelea na Japani, wao 2.5 toka lini sijui, wazee wengi vijana wachache na kampuni inaona aibu kufukuza mtu, lakini simu imeita. Jumanne kuna kundi la wageni sita njia ya Machame, siku saba, na wagumu hawatoshi. Mgumu njoo PM sasa hivi unipe namba. Nimebakiza nafasi mbili.

---

mtu wa takwimu

Mkuu usicheke. Hiyo ya takwimu ni shahada, sio kazi. Mkataba wangu wa utafiti uliisha Januari. Kilo 20 nabeba.

---

Mpanda Mlima wa Pasua

Una viatu vya mlima au ndo vile vya ofisini?

---

mtu wa takwimu

Naazima.

---

Mpanda Mlima wa Pasua

Getini saa moja kamili, sweta mbili, koti la mvua, na usisahau begi la kulalia. Posho yenu nitawaambia inboksi.